Gereji ya Wasomaji: Nati na bolti za gari kongwe, tunazipata wapi?

Mara hii barua nyingi zilizotufikia zinauliza kitu kimoja, nati na bolti, na mie nimefurahi mno. Watu wetu wanaofufua gari za zamani hapa Unguja na Pemba wanafikiria injini, wanafikiria rangi, viti, krome, halafu bolti wanamuachia fundi aokote yoyote aliyoikuta kwenye kopo, na gari nzuri inakuja kuharibiwa hapo hapo. Kwa hiyo leo tukae nazo.

Assalaam aleikum fundi. Mie nipo Chake Chake, babu kaniachia Morris Minor 1000, kwenye kadi imeandikwa 1962, ilikaa bandani miaka. Nimeifungua na mwenzangu tuipige rangi, bolti nyengine zilikuwa kutu tupu tukazikata. Spana 13 ilikuwa inaingia kwenye zile za zamani kwa hiyo nikaenda dukani nikachukua bolti mpya za spana 13, sasa zinaingia mizunguko miwili zinakwama. Mwenzangu anasema tutie mafuta tukaze tu zitakwenda. Tufanyeje, na bolti zenyewe za gari hizi zinapatikana wapi?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza kabisa mwambie mwenzako aweke spana chini, asikaze. Bolti mlizonunua ni za milimita, M8, na Morris yenu ni gari ya inchi, hapo kwenye mizunguko miwili ndo meno yanapoanza kugombana. Mkilazimisha itakwenda kweli, lakini itakwenda kwa kukata meno ya ile nati iliyochomelewa ndani ya bodi, na nati ile ikishaliwa ndo mnaanza kukata bati na kuchomelea upya, kazi ambayo haikuwepo.

Nieleze kidogo maana wengi wanapotea hapa. Sie mafundi tumezoea kuitaja bolti kwa spana yake, bolti ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na nne, na kwa Toyota na Suzuki haina tabu, ukisema ya 12 kila mtu anajua unataka M8 ya Kijapani. Kwa gari ya Kiingereza mazoea hayo yanakuponza. Kichwa cha bolti ya 5/16 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, spana 13 inaikamata ikicheza kidogo tu, unadhani ndo yenyewe. Unene nao unadanganya, 5/16 ni milimita 7.94 na M8 ni 8, kwa jicho huzitenganishi. Tofauti ipo kwenye meno. M8 ya kawaida kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25, ile ya Morris ina meno 24 ndani ya inchi moja, ambayo ni kama milimita 1.06, kwa hiyo jino la kwanza linaingia, la pili linaingia kwa tabu, la tatu limeshakosa njia.

Gari yako ya 1962 karibu yote ni UNF, aina ya meno madogo ya inchi. Morris Minor ilianza kutoka kiwandani 1948, na ni wakati huo huo Uingereza, Marekani na Kanada walikuwa wanakubaliana kutumia meno ya aina moja, baada ya kusumbuka sana wakati wa vita bolti ya huku inakataa nati ya kule. Makubaliano yale ndo yaliyoleta UNF ya meno madogo na UNC ya meno makubwa. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na meno ya Whitworth tangu 1841, baadaye wakaongeza BSF yenye meno madogo zaidi, na hizo utazikuta kwenye gari zilizotangulia na kwenye Land Rover, nitazisema chini kwa dada wa Jang'ombe. Ukitaka kuhakikisha kama bolti yako ni ya familia ya UNF, isugue kwa brashi ya waya uangalie kichwa, Waingereza walikuwa wanaweka alama, ama kishimo cha duara juu ya kichwa ama viduara vitatu vilivyoshikana kwenye ubavu mmoja wa kichwa. Ukiiona alama hiyo umeshajua uko wapi.

Halafu pima. Geji ya kupimia meno ni kitu kidogo cha bei rahisi, nunua ya inchi na ya milimita, lakini hata bila geji utaweza, chukua rula ya inchi uilaze juu ya bolti uhesabu meno kwenye inchi moja, bolti ikiwa fupi hesabu nusu inchi uzidishe mara mbili. Kwa UNF ya 1/4 utapata meno 28, 5/16 na 3/8 zote 24, 7/16 na 1/2 zote 20. Kwa BSF ni 26, 22, 20, 18 na 16 kwa mpangilio huo huo. Yaandike haya ukutani kwenye gereji, utayarejea kila siku. Njia nyengine ya haraka, chukua bolti unayoijua ulaze meno yake ndani ya meno ya ile usiyoijua uziinue kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita baina yao basi si ndugu.

Skrubu ndogo ndogo za vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Kiingereza, ni jambo jengine, nyingi ni BA, aina nyengine ya meno ya Kiingereza ya skrubu ndogo, na hapa kuna mtego, nati ya M5 inaingia kwenye 2BA ikiwa legelege, unaona imekubali kumbe haijashika kitu, mtikisiko wa barabara unaiangusha na taa zinazimika usiku. Nati za skrubu hizi zihifadhi zile zile za zamani kama dhahabu.

Sasa wapi. Maduka ya vifaa ya Chake na hata ya Darajani na Mwanakwerekwe yanauza milimita kwa sababu ndo gari zilizopo, usiwalaumu. UNF na UNC zipo lakini lazima ujue mlango wa kugonga, na mlango wa kwanza ni spea za matrekta. Massey Ferguson za zamani na injini za Perkins zimefungwa kwa UNF na UNC, kwa hiyo muuza spea wa matrekta mara nyingi ana droo ya bolti za inchi na hata yeye hajui kama mtu wa Morris anazitafuta. Mlango wa pili ni Gerezani, Kariakoo, pale Dar kuna watu kazi yao ni bolti tu, nenda na sampuli mkononi, usiende na maneno. Kama huwezi kuvuka, mpe sampuli mtu anayepanda boti, lakini ziwe zimefungwa moja moja kwenye kijifuko na karatasi imeandikwa inatoka wapi kwenye gari na zinahitajika ngapi, tena andika na urefu, urefu unapimwa kutoka chini ya kichwa hadi ncha, isipokuwa zile za kichwa cha kuzama ambazo zinapimwa pamoja na kichwa chake. Sema pia kama meno yafike hadi kichwani au kuwe na shingo laini, maana hivi ni vitu viwili tofauti, sehemu za saspensheni zinataka shingo laini ipite ndani ya tundu, ukiweka yenye meno mwanzo mwisho meno yanasuguana na tundu yanalipanua.

Na kuna siri moja wengi hawaijui. Bolti za mikanda ya usalama, hata za Toyota ya juzi, ni 7/16 UNF yenye meno 20, dunia nzima wamekubaliana hivyo. Kwa hiyo kwenye gari mbovu zilizolala mitaani kwetu kuna bolti za inchi, imara kabisa, zinazotosha kwa kazi ya 7/16 kama urefu unakubali.

Ukishindwa kote agiza Uingereza, kule Morris Minor ina maduka yake maalumu hadi leo, hata Sri Lanka waliwahi kuzitengeneza spea zake kwa ajili ya soko la Waingereza. Wanauza boksi la mchanganyiko wa UNF, nati, wosha na springi wosha pamoja, na ukilinganisha na usumbufu wa kuokota moja moja mie naona boksi moja linatosha gari nzima na linabaki. Bolti ni nzito, posta inakula pesa, kwa hiyo mpate mtu anayesafiri, na ulizia ushuru kabla mzigo haujafika.

Jambo la mwisho kwako, angalia vichwa vya bolti mpya kabla hujalipa. Ya inchi yenye mistari mitatu kichwani ni gredi 5, inakaribiana na 8.8 ya milimita, yenye mistari sita ni gredi 8, inakaribiana na 10.9. Isiyo na alama yoyote ni ya kufungia geti na mapaa, isiguse stering, breki wala saspensheni ya gari unayopanda na watoto. Na zile bolti mlizozikata, kama bado zipo chini ya banda, ziokoteni zote, kipande chenye meno manne tu kinatosha kupimia.

Kaka fundi, hujambo. Baba yetu ana Land Rover Series IIA aliyokuwa akiendea shamba, sie watoto tumeamua kuifufua akiwa bado yupo hai aione. Ndugu yetu alieko Muscat ametuletea boksi zima la bolti za stenlesi, anasema tufunge gari nzima kwa sababu ya chumvi ya huku. Fundi wetu anakataa, anasema stenlesi laini. Tumsikilize nani? Dada wa Jang'ombe.

Sijambo dada yangu, na Mungu amuweke mzee aiendeshe tena. Msikilizeni ndugu yenu kwa nusu ya gari na fundi kwa nusu nyengine, nikwambie mpaka uko wapi.

Chukua bolti moja usome kichwa. Ikiandikwa A2-70, ile 70 maana yake inakatika kwa mvuto wa megapaskali 700, na inaanza kunyooka moja kwa moja kwenye 450. Bolti ya kawaida ya chuma ya 8.8 inakatika kwenye 800 lakini haianzi kunyooka mpaka 640. Hii namba ya pili ndo inayokuhusu, bolti inayonyooka inalegea, na inayolegea kwenye stering haikupi nafasi ya pili. Kwa hiyo fundi ana haki, stenlesi isiguse stering, pingili za springi, breki, propela shafti, tairi, wala mahali popote kwenye injini panapokazwa kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza.

Kwenye bodi ndugu yenu ndo mwenye haki. Madigadi, sakafu, boksi za viti, bawaba, taa, namba, hapo stenlesi inakaa raha, miaka kumi ijayo mtaifungua kwa mkono. Kama kuna chaguo chukueni A4 kuliko A2, A4 imetiwa molibdena na inastahamili maji ya bahari zaidi, na kwa nyumba zetu zilizo karibu na pwani utaiona tofauti.

Lakini Land Rover bodi yake ni alumini, fremu ni chuma, hii ndo sehemu watu wanaiharibu kwa nia nzuri. Stenlesi ikigusana na alumini penye maji ya chumvi inatokea nguvu ya umeme kidogo kidogo, na anayeliwa ni alumini, siyo bolti. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, halafu rangi inafura, halafu tundu linakuwa kubwa na bolti inang'aa pale pale kama mpya. Dawa yake ni kuzitenganisha, wosha ya plastiki chini ya kichwa, grisi nzito ndani ya tundu na rangi kwenye ukingo wa tundu kabla ya kufunga, na msifanye kwa haraka, kila tundu lipate haki yake. Mahali msipoweza kutenganisha wekeni bolti iliyochovywa zinki, ina ugomvi mdogo na alumini kuliko stenlesi.

Halafu stenlesi juu ya stenlesi zina tabia ya kung'ang'aniana, nati inakwenda vizuri ghafla inaganda, haiendi mbele hairudi, mnabaki kuikata. Pakeni grisi ya shaba kwenye meno, kazeni kwa mkono polepole, msitumie mashine ya hewa kabisa.

Na kabla ya yote hayo pimeni meno ya kila tundu, maana IIA ilitengenezwa 1961 hadi 1971 na ndani yake wamechanganya, utakuta BSF, utakuta Whitworth, utakuta UNF, pengine kwenye giboksi moja. Spana za milimita zinavila vichwa vya BSF, kichwa cha 5/16 BSF kina milimita 13.3, spana 13 haiingii, 14 inazunguka bure mpaka inakiviringa. Muulizeni mzee kama ana boksi lake la zamani la spana, zile zilizoandikwa W au BS, kama lipo basi nusu ya kazi imekwisha.

Mwanangu fundi, sie huku Makunduchi tuna Bedford ya mbao inapumzika, tunataka kuirejesha barabarani. Vijana walikuwa wanatoa tairi ya nyuma upande wa kushoto, wametia bomba kwenye spana wakaning'inia watu wawili, stadi mbili zimekatika. Nati zimeganda kiasi hicho?

Shikamoo mzee wangu. Nati hazikuganda, vijana walikuwa wanazikaza. Malori mengi ya Kiingereza ya zamani, Bedford zikiwemo, tairi za upande wa kushoto zina nati za meno ya kinyume, unafungua kwa kuzungusha kule ambako kwa kawaida unafunga. Walifanya hivyo ili tairi ikizunguka kwenda mbele isizilegeze nati. Waambie wasugue ncha za stadi, zile bolti zinazotokeza ambazo nati inafungwa juu yake, waangalie, mara nyingi pamechorwa herufi L. Stadi mpya zitafutwe za kushoto vile vile, na zikikosekana usikubali fundi akuwekee mchanganyiko, stadi za kushoto na za kulia kwenye tairi moja, siku dereva mwengine akipata pancha usiku atazikata zote. Na zile zilizobaki kwenye tairi hilo zibadilishwe pia hata kama zinaonekana nzima, zimeshavutwa na watu wawili na bomba.

Vipi fundi, mie wa Kikwajuni, nina Vespa PX 150, nati za injini mbili zimepotea. M6 ndogo, M8 kubwa. Fundi anataka kutoboa aweke stadi za M8, sawa?

Usimruhusu mdogo wangu. Hizo ni M7, hatua yake, yaani kutoka jino hadi jino, milimita 1, spana yake 11. Gari nyingi hazina M7 ndo maana dukani wanakushangaa, lakini kwa Vespa ni kitu cha kawaida, na LML za Uhindi zilizotengenezwa kwa umbo la PX zinatumia hizo hizo. Waulize wauza spea za Vespa, siyo duka la vifaa, na ununue za akiba, ni ndogo na zinapotea. Kutoboa alumini ya injini kwa ajili ya nati mbili ni kuiharibu bure.

Fundi salaam, nipo Wete, nina Mini ya miaka ya sitini. Nilikuwa natoa kifuniko cha thamostati, stadi moja imekatika juu kidogo ya hedi na nyengine mbili zimeganda ndani ya kifuniko, hakitoki. Nimeshapiga nyundo.

Waaleikum salaam, nyundo iache, kifuniko ni alumini kitapasuka. Tatizo hili kila mwenye Mini na Morris analijua, stadi ya chuma imekaa ndani ya tundu la alumini na maji ya rejeta yanavuja kidogo kidogo miaka yote, pale kati imejaa kutu na unga mpaka vimekuwa kitu kimoja.

Mimina mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka stadi, uache usiku, urejee tena asubuhi na jioni, usichoke. Halafu moto. Pasha kifuniko kwa gesi, siyo stadi, alumini inatanuka zaidi kuliko chuma kwa hiyo tundu linafunguka, gongagonga ubavuni kwa kipande cha mbao, zungusha kidogo huku na huku, ukipata hata mtikisiko mdogo umeshashinda. Paipu za petroli ziwe zimetolewa na tangi lisiwe karibu, na mtu asimame na mchanga. Kikikataa kabisa kikate kifuniko kwa msumeno, kifuniko kipya kinaagizwa kwa bei ndogo, hedi siyo.

Kifuniko kikishatoka, zile stadi nzima zitoe kwa nati mbili, funga nati ya kwanza, funga ya pili juu yake uzikaze zikabane, halafu spana iende kwenye ile ya chini ufungue, stadi inazunguka nayo. Ile iliyokatika kama imebaki juu ya hedi hata milimita tatu, weka nati juu yake na uichomelee kwa ndani, ule moto wa kuchomelea wenyewe unaivunja kutu, subiri ipoe kidogo halafu zungusha polepole mbele na nyuma. Mie hiyo naiamini kuliko zile skrubu za kutolea stadi zinazouzwa, maana ni ngumu mno, ikikatikia ndani hakuna drili ya kawaida itakayoitoboa, hapo unapeleka hedi kwa mwenye mashine kubwa Dar.

Stadi mpya pima pande zote mbili, mara nyingi upande unaoingia kwenye chuma cha kumimina una meno makubwa na upande wa nati una madogo, mtu akikukatia kipande cha bolti tu atakuharibia hedi. Paka grisi ya shaba kabla ya kurejesha. Na ukiwa unaagiza, agiza na nati za shaba kwa ajili ya manifoldi ya egzosi, za chuma zinaungana na stadi kwa ule moto, na zile nati zenye plastiki ndani usiziweke kule hata siku moja, plastiki yake inalainika kwenye digrii 120 hivi. Zile za plastiki hata sehemu nyengine ukishazifungua weka mpya, haishiki tena kama mwanzo.

Fundi, mie wa Bububu. Ford Anglia yangu fundi ameiwekea masta silinda ya breki ya Toyota maana ya asili imekosekana. Paipu za zamani zimekubali kuingia, zinacheza kidogo lakini akikaza zinashika. Breki zipo. Kuna tatizo?

Kuna tatizo kubwa ndugu yangu, gari isitoke nyumbani leo. Nati za paipu za breki za gari za Kiingereza za umri huo kwa kawaida ni 3/8 UNF, unene wake milimita 9.5, na masta ya Kijapani tundu lake ni M10 yenye hatua ya milimita 1. Hatua zinakaribiana sana, 1.06 kwa 1, ndo maana imeingia, lakini nati ni nyembamba kwa nusu milimita, imeshikilia ncha tu za meno. Breki utaziona zipo kwa sababu unakanyaga taratibu. Siku mtoto akikatisha barabara ukakanyaga kwa nguvu zako zote, presha ndani ya paipu inakuwa kubwa mno na nati inaruka, pedali inakwenda chini kabisa.

Bahati nzuri tengenezo lake si gumu. Paipu yenyewe ya 3/16 na ya Kijapani zina unene mmoja, milimita 4.75, kwa hiyo fundi atengeneze paipu mpya, upande wa masta avalishe nati ya M10, upande wa pili avalishe 3/8 UNF, kisha ndo apanue ncha. Ncha nazo ziangaliwe, umbo la ncha lifuate umbo la tundu inakoingia, kuna za kukunjwa mara mbili na kuna za mviringo kama uyoga, zikichanganywa hazizibi hata ukikaza vipi. Nati zote mbili zianze kuingia kwa vidole, bila spana, angalau mizunguko mitatu minne. Ile masta nayo iangaliwe ndani, meno yake yakiwa yameshakwaruzwa na nati ile nyembamba basi haifai tena, msijaribu kuipitisha tepu ya kukatia meno mkaitumia. Mkimaliza toeni hewa, mtu mmoja akae akanyage pedali kwa nguvu aishikilie wakati mwengine anapitisha kidole kikavu chini ya kila nati, kikitoka na unyevu hata kidogo mnafungua mnaanza upya.